Kilo za Mimba: Zipande, Ila kwa Kipimo

Mjamzito anapopanda mizani kliniki, kilo anazoongeza si mafuta matupu. Mimba iliyotimia huleta kama kilo 12: mtoto zaidi ya 3, kondo la nyuma na maji ya uzazi karibu 2, damu na majimaji mengine ya mwili kama 3, mfuko wa uzazi na matiti moja na nusu. Zinazobaki ni akiba ya kunyonyeshea.

Kiasi kinachofaa hutegemea mama alivyoanza. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009, unaotumika kwingi duniani, unampa mwembamba kilo 12.5 hadi 18, wa wastani 11.5 hadi 16, mnene 7 hadi 11.5, na mnene kupindukia 5 hadi 9.

"Kula, mko wawili," marafiki humhimiza. Lakini miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza ya maana. Kuanzia mwezi wa nne ni kalori 340 hivi kwa siku, sawa na konzi mbili za karanga.

Katika kambi ya Dzaleka, Malawi, iliyofunguliwa 1994 na sasa ina wakimbizi zaidi ya 50,000, hofu kubwa ni upungufu. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, na nsima (ugali) peke yake hushibisha bila kujenga. Mkono wa juu ukipimwa kwa utepe ukawa chini ya sentimita 22, mama anahitaji msaada wa lishe, maana mtoto aweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5. Karanga zilizotwangwa zitiwe kwenye sombe (kisamvu) au mchicha, usipa, wale dagaa wa Ziwa Malawi, waliwe wazima, maharage yasikose.

Mjini Lilongwe, mtaa kama Mchesi, mitego ni chipsi, mandazi na soda. Kilo zikizidi, huongeza hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kujifungua kwa upasuaji. Dawa yake si kujinyima: apunguze sukari na mafuta, atembee kila siku.

Uzito ukiruka ghafla, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma au macho yakaona ukungu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba.

Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza kabla ya wiki 12. Mama awahi, kwa sababu bila uzito wa mwanzo kwenye kadi, mkunga hana pa kuanzia hesabu.