Seva Mpya Lakini Kompyuta Bado Zinajivuta? Shida Iko Hapa

Uko ofisini Mutuini, wateja wamepiga foleni, umeweka paswadi na kale kaduara kanazunguka tu dakika tano. Na seva mlibadilisha juzi! Boss sasa anataka mlipie intaneti ya kasi zaidi. Manze, mwambie apoe kwanza, hiyo doh itapotea bure.

Mara nyingi shida ni DNS. Ukiingia, kompyuta huuliza DNS, "Seva ya kukagua paswadi iko wapi?" Kama bado inauliza ile seva ya zamani, itangoja jibu mpaka ichoke. Kuweka 8.8.8.8 ya Google hakusaidii, juu Google haijui seva yenu ya ndani.

Fungua CMD, andika ipconfig /all. Palipoandikwa DNS Servers kunafaa kuwe na anwani ya seva mpya. Kama sivyo, rekebisha kwa setingi za DHCP, halafu uzime kompyuta na uwashe tena. Pia ondoa folda na printa zinazotafuta seva ya zamani.

Ukiingia chap chap, mkumbushe boss ile pesa ya intaneti inatosha kwa mshahara wako.