Kuachiwa Farasi Si Kushinda

Tangu mwaka 1997, kompyuta iitwayo Deep Blue ilipomshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, imezidi kudhihirika kwamba binadamu hana tena ubavu wa kupambana na mashine kete kwa kete. Kwa sababu hiyo imefufuliwa desturi ya kale ya mabingwa, ya mwenye nguvu kumwachia mnyonge. Mashine huondoa farasi wake mmoja, au ngome, au hata malkia, kabla ya mchezo kuanza.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, waliokulia kwenye baraza za bao na dama, watauliza jambo hili lawahusu nini wananchi wa Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Lawahusu sana. Anayejifunza bao mjini Unguja humkuta fundi barazani. Kijana wa Kasulu anayetaka kujifunza sataranji ni taabu kumpata fundi wa kumwendea. Mashine inayokubali kuachia kete ndiyo fundi awezaye kumfikia alipo. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika wilaya hizo mwaka 2022, na programu ya Stockfish, ambayo hutolewa bure, hufanya kazi ndani ya simu hata pasipo intaneti. Mchezaji huipanga mezani bila farasi mmoja, kazi ikaanza.

Lakini yafaa ieleweke kwamba kuachiwa si kushinda. Mwaka 2016 Hikaru Nakamura wa Marekani, mmoja wa wachezaji hodari kabisa duniani, alicheza michezo minne na programu ya Komodo, nayo ikimwachia kidogo katika kila mchezo, kama vile askari mmoja. Alitoka sare mara tatu, akashindwa mara moja. Mwaka 2020 David Smerdon wa Australia aliachiwa farasi mzima na Komodo hiyohiyo, naye akaishinda kwa pointi 5 kwa 1. Hivyo basi, faida ikiwa kubwa ya kutosha, na mwenye kuipata akajua kuitunza, mashine hushindika.

Huitunzaje? Kanuni ya kwanza ni kubadilishana kete kubwa. Kwa hesabu ya kawaida malkia ni pointi 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, na askari 1. Mwanzoni mtu ana pointi 39, na mashine iliyoacha farasi ina 36. Tofauti hiyo haionekani sana. Wakishabadilishana kete zote kubwa, mtu hubaki na farasi na askari wanane, yaani pointi 11, dhidi ya 8 za mashine. Tofauti ni ileile 3, lakini sasa ni mzigo mzito kwa upande wa pili.

Kanuni ya pili ni kuwatunza askari. Farasi na mfalme peke yao hawawezi kumkamata mfalme wa adui. Ushindi huja kwa askari anayefika mwisho wa ubao akageuka malkia. Anayebadilishana askari ovyo huweza kujikuta ana farasi wa ziada na bado mchezo ukawa sare.

Kanuni ya tatu ni usalama wa mfalme. Afichwe mapema nyuma ya askari wake, na askari hao wasisogezwe bila sababu. Ya nne ni kujinyima. Mashine ikitega askari wa bure, asichukuliwe kabla ya kuuliza anafungua njia gani. Shambulio likizidi, ni heri kurudisha sehemu ya kile ulichoachiwa kuliko kumpoteza mfalme. Ya tano ni muda. Mashine haichoki wala haibabaiki, kwa hiyo mtu asicheze mchezo wa haraka nayo. Tena ziko mashine, kama Leela iliyofunzwa maalumu kucheza ikiwa imepungukiwa kete, ambazo hukwepa kubadilishana na hupenda kuvuruga ubao. Dawa ya vurugu hiyo ni subira, nayo wahenga walisema huvuta heri.

Mafunzo haya si ya ubaoni tu. Wakati wa ukoloni nyanda za Buha zilifanywa chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge. Yaani watu wa huko walianza mchezo wakiwa wamepungukiwa kete, wala hapakuwa na wa kuwaachia. Leo barabara, umeme na shule zinapowafikia, swali ni lilelile la mcheza sataranji: faida hii itatunzwa, au italiwa kwa pupa hatua moja moja mpaka iishe?

Ndiyo maana tunawaomba maofisa elimu na maofisa utamaduni wa Kibondo na Kasulu wasiuone mchezo huu kuwa anasa ya watu wa mijini. Mwaka 2021, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, Shirikisho la Sataranji Duniani lilishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kuwafundisha vijana sataranji. Ikiwa liliwezekana Kakuma, penye jua kali na ukame, halina sababu ya kushindikana Kasulu. Ubao waweza kuchorwa juu ya boksi, na kete zikachongwa na mafundi seremala wa hukohuko. Simu moja ya mwalimu yatosha kuwa mpinzani wa darasa zima, wanafunzi wakijadiliana kila hatua kabla ya kuicheza.

Waanze kwa kuachiwa malkia, kisha ngome, kisha farasi. Siku watakapoishinda mashine iliyoacha farasi mmoja tu, watakuwa wamejifunza kulinda walichonacho, somo ambalo nchi yetu yote inalihitaji.