Breki za Gari Kuukuu: Kwa Nini Hushindwa?

Dereva wa gari kuukuu apitaye Kiranjeranje, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, hukanyaga breki akitazamia gari lipunguze mwendo kabla ya kuwafikia watoto wavukao barabara. Siku moja pedali huzama hadi chini, na gari huendelea kwenda. Je, ni nini kilichoharibika?

Breki za mafuta hufuata kanuni ya Blaise Pascal (1623–1662), mwanasayansi wa Ufaransa: kanieneo inayotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Tuseme mguu unasukuma kwa kani ya niutoni 200, na wenzo wa pedali unaizidisha mara 5, iwe 1,000. Ikiwa pistoni ya silinda kuu ina eneo la sentimita za mraba 4, kanieneo ni niutoni 250 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya gurudumu yenye sentimita za mraba 5 itasukuma kiatu cha breki kwa niutoni 1,250.

Hayo yote yawezekana kwa sababu kimiminika hakigandamiziki kwa urahisi. Hewa na mvuke hugandamizika. Mafuta ya kawaida ya breki, yaliyotengenezwa kwa glaikoli, hufyonza unyevu wa hewa, nao ni mwingi katika pwani ya Kilwa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakiisha kufyonza maji ya kadiri ya asilimia 3.7, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Breki zikipata moto mwingi, mvuke hutokea, na kazi ya mguu huishia kuugandamiza mvuke huo.

Dalili humwongoza fundi. Pedali ikiwa laini kama sifongo, mna hewa ndani. Sharti upepo utolewe. Ikiwa chini lakini ngumu, tena hupanda ikikanyagwa mara kwa mara, viatu vimelika au vyataka kurekebishwa. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, mafuta yanavuja: kama hakuna unyevu kwenye paipu wala magurudumu, raba za silinda kuu ndizo za kushukiwa. Gari likivutwa upande mmoja, huenda gurudumu mojawapo limeingiwa na mafuta.

Kamwe mafuta ya injini yasitiwe badala ya mafuta ya breki, kwani huvimbisha raba na kuziharibu.

Breki zikishindwa safarini, dereva akanyage pedali upesi mara kadhaa, ashuke gia moja baada ya nyingine, kisha avute breki ya mkono taratibu. Asizime injini gari likiwa bado mwendoni.

Darasani, mwalimu aweza kuunganisha mabomba mawili ya sindano, yasiyo na sindano, kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Bomba moja likisukumwa, la pili huitika mara moja. Kisha aingize kipovu cha hewa, na wanafunzi wasukume tena. Watahisi kwa vidole vyao kile ambacho dereva hukihisi kwa mguu, hali muda wa kujifunza umekwisha.