Mashine ya boti haitoi maji? Zima kwanza, kisha kagua haya

Mtumbwi unapoondoka mwaloni jioni kwenda kuvua dagaa, kila mtu ana kazi yake. Mmoja anapanga nyavu, mwingine anakagua taa na betri, na nahodha anavuta kamba ya kuwashia mashine. Katika pilikapilika hizo ni rahisi kusahau kitu kimoja: uzi mwembamba wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Uzi huo ukikatika nanyi mkaendelea na safari, dakika chache zinatosha kuwaacha katikati ya ziwa, usiku, mkiwa na makasia tu.

Kwa wasikilizaji wetu wa Ziwa Victoria hilo si jambo dogo. Upepo wa ziwa hili unaweza kubadilika ghafla, na mtumbwi usio na mashine hauwezi kuukimbia. Leo tunaeleza uzi huo wa maji una kazi gani, na mfanye nini usipoonekana.

Maji yanapita wapi?

Mashine ya boti haina rejeta kama gari. Inapozwa na maji ya ziwa au bahari inamoelea. Chini, karibu na propela, kuna matundu madogo au wavu wa chuma. Maji huingia hapo, kisha pampu huyasukuma kupitia bomba jembamba hadi juu kwenye silinda. Yakishapoza silinda, sehemu kubwa hushuka na kutoka pamoja na moshi chini ya maji. Kiasi kidogo hutolewa pembeni kwenye tundu dogo ili nahodha aone kwamba pampu inafanya kazi.

Moyo wa pampu hiyo ni impela, yaani kigurudumu cha raba chenye mabawa. Kinazungushwa na shafti ileile inayoendesha propela. Maji ndiyo yanayokilainishia njia. Yakikosekana, raba inajisugua kwenye chuma, inaungua na kukatika. Ndiyo maana hairuhusiwi kuwasha mashine nchi kavu, hata kwa nusu dakika "kuisikiliza tu".

Maji yakikosekana kwenye silinda madhara yake ni makubwa zaidi. Pistoni ni ya alumini, na alumini ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Pistoni inavimba, nafasi kati yake na silinda inakwisha, na inakwama. Mafundi husema mashine imenoki. Hapo gharama si ya kipande cha raba tena, bali ya pistoni, ringi, gasketi na pengine silinda nzima.

Ukaguzi wa kila safari

Kabla ya kuondoka, inua mashine ikiwa imezimwa na uangalie matundu ya kuingizia maji. Ondoa majani, matope, vipande vya nyavu na mifuko ya plastiki. Penye magugumaji, angalia pande zote mbili.

Shusha mashine, iwashe, na subiri ikiwa kwenye sailensa bila gia. Maji yanapaswa kuanza kutoka baada ya muda mfupi. Baadhi ya mashine huchelewa sekunde kadhaa, hivyo ni vizuri kujua tabia ya mashine yako ikiwa nzima. Kisha ongeza moto kidogo. Uzi wa maji unapaswa kuongezeka nguvu. Ukibaki dhaifu, au ukatoka na kukatika, usiondoke.

Usiku mulika kwa tochi. Kama hakuna tochi, weka kiganja mbele ya tundu, mbali na propela. Maji ya baridi au ya uvuguvugu ni dalili njema. Yakiwa ya moto sana, au ukitoka mvuke, zima.

Nahodha ageuke kutazama nyuma mara kwa mara safarini, hasa baada ya kupita kwenye magugumaji au maji ya kina kifupi yenye mchanga.

Maji yakikatika mkiwa majini

Kwanza, zima mashine. Msijaribu "kusogea kidogo tu". Kama upepo unawapeleka kwenye miamba, shusheni nanga au shikeni makasia kabla ya kuanza kuchunguza. Kila mtu awe amevaa jaketi la kuokolea maisha.

Pili, inua mashine na usafishe matundu ya kuingizia maji. Mara nyingi tatizo ni mfuko wa plastiki tu uliojibandika hapo.

Tatu, angalia tundu la kutolea maji. Mchanga na chumvi hukaa humo, na nyigu hupenda kujenga humo mashine ikikaa siku nyingi bila kazi. Chokoa taratibu kwa kipande cha mshipi mnene wa nailoni au waya laini, mashine ikiwa imezimwa. Usisukume kwa nguvu, maana waya unaweza kutoboa mpira wa ndani.

Nne, angalia mashine imekaa kina gani. Juu ya propela kuna bamba bapa. Bamba hilo linapaswa kuwa sawa na chini ya mtumbwi au chini yake kidogo. Mashine iliyofungwa juu mno hunyonya hewa mawimbi yanapoanza.

Iache ipoe kabla ya kuiwasha tena, na msiimwagie maji ya baridi ikiwa ya moto sana, kwani chuma kinaweza kupasuka. Ukiwasha na maji bado hayatoki, zima. Hapo tatizo huenda ni pampu. Pigeni simu au ombeni kukokotwa.

Kazi ya fundi kwenye pampu

Impela huchakaa, na maji ya mchanga huimaliza haraka. Vitabu vingi vya mashine hushauri ikaguliwe au ibadilishwe karibu kila mwaka, na mashine ya kazi ya kila siku huenda ikahitaji mapema zaidi. Ukiona mabawa yamepinda na hayarudi, yamepasuka au yamekatika, ibadilishwe.

Kama bawa limekatika, fundi atafute kipande kilichopotea. Kikipanda juu kitaziba njia ya maji, na impela mpya haitasaidia. Ahakikishe pia kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga impela kwenye shafti kimerudishwa. Bila hicho, shafti inazunguka na impela inabaki imesimama. Mwisho, bomba la maji liingie sawasawa kwenye raba yake wakati wa kurudisha sehemu ya chini.

Kazi ikiisha, jaribu mashine kwenye pipa la maji, mahali pa wazi kwa sababu moshi wake ni sumu. Maji yapite juu ya lile bamba kwa angalau upana wa kiganja. Ni salama zaidi kuondoa propela kwanza. Mashine iwe bila gia, kwenye sailensa.

Kwa wasikilizaji wetu wa pwani, pipa hilo lina kazi nyingine: baada ya kutoka baharini, endesha mashine ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika tano hadi kumi. Chumvi ikikauka ndani huziba njia taratibu.

Jambo moja la kukumbuka

Uzi wa maji ukitoka vizuri, unajua kwamba pampu inasukuma. Hauthibitishi kwamba kila njia ndani ya mashine iko wazi. Ukisikia harufu ya kuungua, ukaona mvuke, au nguvu ikapungua bila sababu, zima hata kama maji yanatoka.

Impela ya akiba haichukui nafasi kwenye boksi la spea. Iweke pamoja na plagi, mshipi wa kuchokolea na tochi. Na kabla mtumbwi haujaacha mwalo leo jioni, mtu mmoja apewe kazi ya kugeuka nyuma na kusema kwa sauti: "Maji yanatoka."