Kamera ya Dijitali, Sehemu ya Tatu: Kuchagua Lenzi, Flashi na Programu ya Kuhariri

Lenzi ndiyo inayoamua kiasi cha mwanga kitakachoingia kwenye kamera, upana wa eneo litakaloonekana na ukali wa kila mstari wa picha. Kihisi, kilichoelezwa katika sehemu iliyopita, hupokea kile tu ambacho lenzi imekileta. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye fedha za kuhesabu hufanya vyema kuchukua bodi (kamera bila lenzi) ya bei ya chini na kuweka kilichobaki kwenye lenzi. Bodi hupitwa na wakati baada ya miaka michache. Lenzi nzuri iliyotunzwa huhudumia bodi tatu au nne zinazofuatana.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kama lenzi itafunga kwenye kamera. Kwa kawaida kila kampuni ina kifungio chake, na baadhi zina zaidi ya kimoja. Canon ilianzisha kifungio cha EF mwaka 1987, kisha RF mwaka 2018 kwa kamera zisizo na kioo cha ndani. Nikon ilianzisha F mwaka 1959, ikaleta Z mwaka 2018. Lenzi ya EF hutumika kwenye kamera ya RF kwa adapta na fokasi yake ya kiotomatiki hubaki hai, ila lenzi ya RF haiwezi kutumika kwenye kamera ya EF: imeundwa ikae milimita 20 kutoka kwenye kihisi, wakati kamera ya EF inadai milimita 44. Kwa upande wa Nikon kuna mtego unaowanasa wengi katika soko la vifaa vya mitumba. Bodi za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi ya zamani yenye alama ya AF au AF-D itafunga vizuri na kupiga picha, lakini fokasi italazimika kuzungushwa kwa mkono. Mwenye bodi kama hiyo atafute alama ya AF-S.

Namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi ni urefu wa fokasi. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo eneo pana zaidi linavyoingia kwenye picha, na inavyokua ndivyo vitu vya mbali vinavyosogezwa. Ukubwa wa kihisi nao una neno lake. Kihisi kamili kina milimita 36 kwa 24. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi kidogo zaidi, cha aina ya APS-C, kinachokata kingo za picha. Ili kujua lenzi itaonaje kwenye kamera hizo, urefu wa fokasi huzidishwa kwa 1.5, au kwa 1.6 iwapo ni Canon. Lenzi ya milimita 50 hapo huona kama ya milimita 75 au 80, kipimo kinachofaa sana kwa picha za uso na kinachobana mno katika sebule ndogo. Kwa hesabu hiyohiyo, lenzi ya 70–300 hufika sawa na milimita 450, na hilo ni faida kubwa kwa anayekwenda Serengeti au Maasai Mara, ambako simba hamsogelei mpiga picha kwa kuombwa.

Namba ya pili, ile inayotanguliwa na herufi f, haipewi uzito wake na wanunuzi wengi, ilhali ndiyo yenye thamani zaidi. Hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu la kupitishia mwanga, na ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi ya 18–55 inayouzwa pamoja na kamera huishia f/5.6 inapovutwa hadi mwisho, na tundu lake hapo halifiki milimita 10. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Tofauti hiyo huingiza mwanga unaokaribia mara kumi. Katika ukumbi wa harusi wenye taa hafifu, picha iliyohitaji 1/15 ya sekunde, muda ambao bibi harusi akigeuza shingo uso unafifia, sasa hupigwa kwa 1/125 na hutoka safi. Tundu kubwa pia hulainisha mandhari ya nyuma, hivyo viti vya plastiki na waya za spika hupotea nyuma ya mtu.

Ndiyo sababu lenzi ya pili kununuliwa, baada ya ile iliyokuja na kamera, iwe ya urefu mmoja wa fokasi na tundu kubwa: milimita 50 kwa kihisi kamili, milimita 35 kwa kihisi kidogo. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu kuliko lenzi nyingine yoyote ya ubora huo, na humfundisha mpiga picha kusogea kwa miguu yake. Lenzi za zumu zenye f/2.8 kwa urefu wote, kama 24–70 na 70–200, ni za wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ni ghali na nzito, na ni busara kuzikodi kwa siku ya shughuli kabla ya kuamua kuzinunua. Lenzi zenye kituliza mtikisiko, ambacho Canon hukiandika IS na Nikon VR, husaidia mkono unaotetemeka. Hazimsimamishi mtoto anayekimbia.

Kwa mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ipo hatari isiyotajwa kwenye maboksi ya lenzi, nayo ni kuvu. Hewa yenye unyevu mwingi huotesha nyuzi nyembamba kati ya vioo, na zikikaa muda mrefu hula utando wa kioo usirudi tena. Anayenunua lenzi iliyotumika aimulike tochi kutoka nyuma na kuchungulia mbele. Nyuzi zinazofanana na utando wa buibui ni sababu tosha ya kuirudisha. Lenzi isihifadhiwe ndani ya mkoba wa ngozi kabatini. Boksi la plastiki lisilopitisha hewa, lenye vifuko vya silika vinavyokaushwa au kubadilishwa mara kwa mara, linatosha.

Flashi hununuliwa baada ya lenzi, na lengo lake si kushinda giza tu. Flashi ndogo iliyo ndani ya kamera humulika uso moja kwa moja kutoka mbele, ikafuta umbo lake na kuacha kivuli kizito ukutani. Flashi ya kujitegemea yenye kichwa kinachozunguka huuelekeza mwanga darini au ukutani, nao hurudi ukiwa umetawanyika na laini. Uwezo huo wa kuzungusha kichwa una thamani kuliko nguvu nyingi. Hata hivyo dari lazima iwe nyeupe na isiwe juu sana. Kumbi zetu nyingi hupambwa kwa vitambaa vya zambarau, kijani au dhahabu, na mwanga uliogonga kitambaa hurudi na rangi yake na kuipaka nyuso zote. Penye mapambo ya aina hiyo, au chini ya turubai, ni afadhali kutumia kadi nyeupe au kisambaza mwanga juu ya flashi yenyewe.

Nguvu ya flashi huelezwa kwa namba elekezi, ambayo ukiigawa kwa namba ya f hutoa umbali kwa mita katika usikivu wa kihisi wa ISO 100. Flashi ya namba 60 kwa f/4 hufika mita 15. Ila watengenezaji wengi huipima wakiwa wamebana kichwa cha flashi hadi milimita 200, na kwa lenzi pana nguvu halisi hushuka sana, kwa hiyo namba hizo zilinganishwe kwa kipimo kimoja. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: aliyesimama mita 2 hupata robo ya mwanga wa aliye mita 1. Katika picha ya ukoo yenye mistari mitatu, flashi iliyo karibu huwachoma walioketi mbele na kuwaacha wazee wa nyuma gizani. Dawa yake ni mpiga picha kurudi nyuma, au kuirusha flashi darini.

Mchana wa jua kali flashi huondoa kivuli cha macho chini ya kofia au kilemba. Hapo huingia mpaka wa kasi ya shata, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Kuupita huacha mstari mweusi kwenye picha. Flashi yenye uwezo wa kasi ya juu huuvuka, kwa gharama ya sehemu kubwa ya nguvu zake. Aina ya TTL, ambayo nguvu yake hupangwa na kamera yenyewe, inafaa shughuli zenye pilikapilika, na lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya chapa ya kamera husika. Ile ya kurekebisha kwa mkono ni nafuu na inatosha studioni. Flashi za zamani za kamera za filamu ziogopwe: baadhi hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye mguso wake na zinaweza kuunguza saketi ya kamera.

Programu ya kuhariri huanza na uamuzi uliofanywa kwenye kamera. Faili ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi, inayoitwa RAW, yenye biti 14 huhifadhi ngazi 16,384. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kila kitu kina weupe wa wastani, hivyo mbele ya shela jeupe hupunguza mwanga na uso mweusi wa bibi harusi huzama. Katika RAW uso huo huinuliwa bila kuvunjika rangi. Hili lina historia: kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa haitoki ilivyo. Leo mhariri ana uwezo wa kuionyesha kwa haki. Kuing'arisha ngozi ya mtu hadi ndugu zake wasimtambue ni kumnyima picha yake.

Adobe Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, hupanga na kusafisha mamia ya picha kwa pamoja bila kugusa faili asilia, kwa malipo ya kila mwezi. Photoshop, ya mwaka 1990, hufaa kazi nzito ya picha moja moja, kama kuondoa nguzo au kuunganisha picha mbili. Asiyetaka kulipa ana Darktable na RawTherapee kwa faili ghafi, na GIMP kwa kazi ya aina ya Photoshop. Zote ni huru na bure, na uwezo wake ni mkubwa, ingawa zinadai subira ya kujifunza. Canon hutoa Digital Photo Professional na Nikon hutoa NX Studio bila malipo kwa wateja wao, na kwa anayeanza hizo zinatosha kabisa. Kwenye simu, Snapseed hufanya mengi. Nakala zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwenye flashi diski huleta virusi, na mara nyingi hushindwa kusoma faili za kamera mpya.

Programu hizi hudai kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwa uchache, na 16 ni bora. Faili ghafi ya megapikseli 24 huchukua takriban MB 25, hivyo harusi ya picha elfu moja hujaza karibu GB 25, na nakala mbili kwenye diski tofauti ni za lazima. Picha inayopelekwa maabara au kutumwa mtandaoni ihifadhiwe kwa mfumo wa rangi wa sRGB, isipokuwa maabara imeomba mwingine. Vinginevyo rangi zilizopangwa kwa saa nyingi huweza kutoka zimefifia.