Nasaba za Wakulima wa Karne ya 19 Kaskazini mwa Mafia

Mtafiti anayefuatilia nasaba ya wakulima wa karne ya 19 kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, ng'ambo ya kisiwa kidogo cha Shungimbili, hupotea mapema iwapo atafuata upande wa kuumeni pekee. Jina la mtu hutaja baba na babu, lakini ardhi ya ukoo hudaiwa kupitia kwa mama vilevile, kama alivyobainisha Pat Caplan katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975. Kwa hiyo bibi aliyesahauliwa katika majina hukumbukwa katika shamba la mpunga. Minazi, ambayo hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, ni habari nyingine.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika utumwa. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 tu. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922. Hivyo mtu aliyezaliwa mwaka 1890 aweza kutajwa leo kama mwana wa mwenye shamba, ilhali alikuwa mtumwa wake. Kumwandika anavyotajwa ni kuficha. Kumwandika alivyokuwa ni kuwafedhehesha wajukuu, na pengine kuyatia shaka madai yao ya ardhi.