Pipa tupu la petroli si tupu

KWA anayerejea Burundi kupitia Kobero, au mfanyabiashara anayejenga kibanda upande wa Kabanga, wilayani Ngara, pipa la chuma la lita 200 ni mali. Ukiondoa kifuniko na kitako, ukapasua ubavu na kuunyoosha kwa nyundo, unapata bati la karibu mita 1.8 kwa sentimeta 88, yaani mlango wa stoo.

Lakini katika kulikata ndipo watu hupotezea macho, hata maisha. Pipa lililobeba petroli ni hatari zaidi likiwa tupu kuliko likiwa limejaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ni mzito, hulala chini, na hautoki kwa kuacha kizibo wazi usiku mmoja. Cheche moja ya grenda au mashine ya kuchomelea inatosha. Dizeli na mafuta ya kupikia nayo si ya kuaminiwa: utando uliokauka ndani hutoa mvuke ukipata moto.

Muulize muuzaji lilibeba nini; akijikanyaga, liache. Lililobeba sumu ya mashambani usilinunue kabisa. Ukilipata zuri, lioshe kwa maji moto na sabuni, fungua vizibo vyote viwili, lijaze maji hadi juu, kisha kata kifuniko kwa tindo na nyundo. Inachosha, na majirani watanung'unika. Bawaba zichomelewe baadaye, nje, bati likiwa bapa na limesuguliwa pande zote.